Shamba la Lemek: ukodishie konsavansi, ufungue kempi yako, ama umpe mtu wa ngano?

Binamu yangu amepata taito yake mwezi uliopita, ekari mia na hamsini upande wa Lemek huku Narok, na hata hajamaliza kuionyesha watu simu zimeshaanza. Wa kwanza ni mtu wa konsavansi, yaani mashamba ya watu yaliyounganishwa kwa ajili ya wanyama na watalii, anataka kukodi yote. Wa pili jamaa wa ngano, anataka misimu mitatu na analipa mara moja, keshi mkononi. Wa tatu ni rafiki yake wa shule ya upili anamwambia achana na hao wote, jenga kempi, mzungu analala hema moja dola mia tatu. Sasa mimi ndio naulizwa, juu niliwahi kuajiriwa kwa kempi alafu nikajaribu kufungua yangu na nikafunga. Nimemjibu kwa simu vipande vipande mpaka nikaona afadhali niandike yote, kuna wengi wana hilo swali na kila anayewapigia ana kitu anauza.

Kwanza tuondoe geti kwa hesabu

Watu wakisikia utalii Narok wanafikiria geti. Ni kweli hiyo ni hela kubwa, tangu 2024 mgeni mzima kutoka nje analipa dola 100 kwa siku kuingia Maasai Mara kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Ndio maana mapato ya kaunti yenyewe yalipita shilingi bilioni 4 mwaka wa fedha wa 2023/24, na kaunti nyingi za mashambani zinaota tu hizo namba. Narok ina bahati moja ya kisheria, Mara ni hifadhi iliyo chini ya kaunti. Linganisha na Taita Taveta, kama asilimia 62 ya kaunti yao yote imo ndani ya Tsavo Mashariki na Magharibi, lakini zile ni mbuga za kitaifa, zinasimamiwa na KWS, shirika la taifa la wanyamapori, na tiketi ya pale haiingii kwa kaunti vile ya kwetu inaingia. Kajiado nao walililia Amboseli miaka mingi baada ya kufanywa mbuga ya kitaifa 1974, Kibaki akajaribu kuirudisha 2005, korti ikakataa.

Lakini wewe mwenye shamba usijidanganye na bilioni. Hela ya geti inakufikia ikiwa imeshakuwa kitu kingine: barabara, zahanati, basari ya mtoto. Kuna asilimia 19 ya makusanyo ya geti ambayo imekuwa ikitengewa jamii zinazozunguka hifadhi, na hapo pia inapitia kamati, inapitia miradi, wewe unaona darasa jipya limepakwa rangi. Si mbaya. Ila ukikaa chini kuamua ekari zako ufanyie nini, hiyo iweke kando kabisa juu utaipata ama utaikosa vilevile, hata kama umepanda ngano mpaka mlangoni.

Konsavansi

Ukiondoa maneno matamu ya brosha, konsavansi ni hivi. Nyinyi wenye mashamba yaliyopakana mnaunganisha ardhi lakini kila mtu anabaki na taito yake, mnaikodisha kwa pamoja kwa kempi chache, na zile kempi zinalipa kodi kwa ekari, mara nyingi kila mwezi, moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye shamba. Ol Kinyei ilianza 2005, Olare Orok 2006, Mara North 2009, Naboisho 2010. Kwa hivyo si majaribio tena, kuna watu wamelipwa kodi miaka kumi na tano na zaidi, unaweza kuwaendea nyumbani uwaulize.

Kitu kinachofanya ilipe ni kwamba wageni ni wachache na wanalipa sana. Olare Motorogi kanuni yao ni hema moja kwa kila ekari 700. Soma tena hiyo. Maana yake shamba la binamu yangu lote halitoshi hata hema moja kwa hesabu yao, thamani yake ni kwa sababu limeungana na la jirani na la jirani wa jirani. Ukiwa peke yako huna kitu cha kuuza, una nyasi tu na punda milia wanaopita.

Tupige hesabu ya mfano, si bei rasmi ya mtu, wewe weka yako utakayoambiwa. Tuseme kodi ni shilingi 3,000 kwa ekari kwa mwaka. Ekari 150 ni 450,000, gawa kwa kumi na mbili unapata 37,500 kwa mwezi. Hutajenga ghorofa Narok mjini na hiyo. Lakini inaingia Aprili mvua ikinyesha na gari likizama mpaka kwa mlango, inaingia Agosti, inaingia ukiwa umelala hospitali. Kodi haifuati idadi ya wageni, kempi ikikaa tupu bado inatakiwa ilipe.

Sasa ubaya, na hapa wale wa konsavansi huwa wanaongea haraka haraka. Kwanza ni malisho. Hutaingiza ng'ombe vile unataka, kuna ratiba, kuna sehemu zimefungwa na zingine zimefunguliwa, na ukipatikana ndani siku si yako unapigwa faini. Mwaka mzuri hiyo haisumbui. Mwaka wa kiangazi unasimama kwa mpaka wa shamba lenye jina lako, unaona nyasi zimefika magotini, na ng'ombe wako wamebaki mbavu. Nimeona mzee amesimama hivyo na fimbo yake, hakusema kitu, aligeuka tu akawapeleka ng'ombe njia ya huko milimani. Upande mwingine, konsavansi zinazosimamiwa vizuri zinafungua hizo nyasi kwa zamu kiangazi kikizidi, na wale ambao mashamba yao yalishakatwa katwa na fensi hawana hata hiyo akiba. Kwa hivyo swali la kuuliza si kama utalisha, uliza ratiba ya kiangazi kilichopita ilikuwa aje na nani alipigwa faini ngapi.

Pili ni makao. Ndani ya konsavansi hakukaliwi, boma zinasogezwa pembeni. Familia nyingi zilihama mwanzoni, na kuhama huko kuna gharama ambayo hakuna mtu anaiandika kwa mkataba, maji yako mbali, shule iko mbali, duka liko mbali.

Tatu, ile "kodi haibadiliki" ilibadilika 2020, mwaka wa korona. Mwaka wa 2019 Kenya ilipata wageni milioni 2 na kidogo kutoka nje, 2020 hawakufika hata laki 6. Konsavansi kadhaa zilirudi kwa wenye mashamba zikaomba kupunguza malipo, na watu wakakubali juu ungefanya nini. Waliopata shida zaidi ni wale walikuwa wameshachukua mkopo benki kwa nguvu ya ile kodi, mtu amekula miaka mitatu ya mbele amenunua gari, kodi inapungua, benki haipunguzi.

Kempi yako mwenyewe

Hapa naongea na uchungu kidogo kwa hivyo chukua na chumvi.

Tulijenga mimi na rafiki yangu, hema nne, karibu na Talek. Julai wageni walijaa mpaka tukalala kwa gari. Nilikuwa napiga hesabu usiku kwa simu, hema nne mara siku thelathini mara bei, nikawa nimeshanunua Land Cruiser kichwani. Alafu ikafika Novemba. Alafu Aprili. Aprili nzima tulikuwa mlinzi, mpishi, mimi na fisi, na huyo fisi usiku mmoja alibeba kiatu cha mpishi akaacha kingine, mpishi akavaa sandali mpaka mwisho wa mwezi na mshahara nikamlipa kwa kukopa.

Kitu ambacho rafiki wa binamu yangu hasemi ni kwamba zile dola mia tatu hazianzii kwako. Mgeni amelipa kifurushi kizima kwao ama Nairobi, gari, geti, kulala, kula, vyote pamoja, alafu ajenti anakugawia chako. Dereva naye anataka kamisheni ndio akuletee mtu, na ukikataa anajua kempi ingine mita mia mbele. Nilikuwa na ajenti mmoja aliniambia atalipa baada ya siku sitini, siku sitini zikawa mia na ishirini, mwishowe akaacha kushika simu, na wale wageni wake walikuwa wameshakula kuku wangu na wamerudi makwao wameandika kempi ni nzuri sana.

Na gharama. Kila mtu anahesabu hema na godoro. Hakuna anayehesabu kisima, tangi, sola na betri zake, gesi, mashuka yanayokauka siku mbili wakati wa mvua, choo cha kuvuta kwa udongo mweusi unaopasuka. Karatasi pia, ripoti ya mazingira ya NEMA, leseni ya mamlaka ya utalii, kibali cha biashara cha kaunti, ushuru wa utalii asilimia 2 ya mauzo, mauzo si faida, hiyo watu wengi wanaigundua wakiwa wameshachelewa.

Lakini sitasema ni mbaya kwa kila mtu, juu si kweli. Mwaka ambao mambo yamekaa sawa, hema nne zako zinaweza kukupa Agosti peke yake kile kodi ya konsavansi itakupa miezi kadhaa. Na hela ya kempi ndogo ya mtu wa hapa inazunguka hapa, hiyo niliiona kwa macho. Nilinunua mbuzi kwa jirani, maziwa kwa mama wa boma ya pili, kijana wa bodaboda alikuwa na kazi kila siku. Loji kubwa zina meneja wa manunuzi. Ukitaka kujua hela ya utalii inakaa kaunti ama inapita tu, simama Narok mjini asubuhi uangalie malori ya mboga yakiteremka kuelekea geti la Sekenani, kabeji, nyanya, karoti, hata mayai, mengi yametoka nje ya kaunti, na huku watu wa karibu na loji wakilima sukuma hawajui waiuzie nani. Loji inataka risiti, inataka kilo hamsini kila Jumanne mwaka mzima, mama ana kilo nane wiki hii na sifuri wiki ijayo.

Ukiziweka hizo mbili kando kando mwezi kwa mwezi unaona tofauti vizuri. Agosti kempi inashinda kwa mbali. Januari labda wanakaribiana. Aprili na Mei konsavansi inalipa na kempi inakula. Uchaguzi ukiwa na vurugu kama 2007 na 2008, ama nchi za nje zikiwaonya watu wao wasije kama ilivyokuwa baada ya shambulio la Westgate 2013, kempi inaanguka wiki hiyo hiyo, konsavansi inatikisika baadaye. Na 2020 konsavansi ilipunguza, kempi yangu ndio ilifungwa. Mwenye konsavansi alikuwa amepoteza nusu ya kitu, mimi nilikuwa na hema zinazooza na deni.

Ngano

Hapa nitakuwa mfupi. Narok ndiyo inaongoza kwa ngano Kenya na kuna sehemu ukipanda kitu kingine utachekwa, huko juu karibu na Mau mvua iko, udongo uko, hata usiwaze utalii. Lemek ni katikati. Mwenye kukodi anakulipa keshi kabla trekta haijaingia, na mvua ikikosa hasara ni yake, hiyo ndio raha ya kukodisha badala ya kulima mwenyewe. Ukilima mwenyewe ongeza usiku wa kulinda, punda milia hawajui ngano ni ya nani.

Shida ni kwamba ukishalima, umetoka kwa zile njia zingine mbili. Nyasi za asili hazirudi msimu ujao, ng'ombe wako wanabaki na mabua, na konsavansi haitaki shamba lililolimwa katikati ya mashamba yao. Kati ya 1977 na 2016 Kenya ilipoteza kama asilimia 68 ya wanyamapori wake, na kulima na fensi ni baadhi ya sababu. Sisemi hivyo kumlaumu mtu, kila mtu ana karo ya kulipa. Nasema juu wanyama wakipungua, kodi ya konsavansi na wageni wa kempi vyote vinapungua, hata vya jirani yako ambaye hakulima. Kwa hivyo ofa ya ngano inayoonekana kubwa leo, uliza kama ungepewa kodi ndogo miaka kumi na tano ingekuwa ngapi jumla, alafu uweke na thamani ya malisho. Mara nyingi keshi ya pamoja inashinda kwa macho tu.

Sasa nani achukue gani

Ukiwa na ekari mia na zaidi, zimepakana na konsavansi ambayo imelipa bila kukosa, na una ng'ombe wa wastani ambao wanaweza kuishi na ratiba, chukua konsavansi. Sifikirii mara mbili. Haswa kama una watoto shule, karo inataka hela inayojulikana tarehe.

Ukiwa na ekari tano au kumi karibu na barabara ama karibu na geti, konsavansi haitakupa kitu cha maana, na hapo kempi ndogo ama nyumba za kulala za bei nafuu zinaeleweka, lakini uwe na kazi ingine ama mifugo ya kukubeba Aprili, na usianze na mkopo. Anza na hema mbili. Mbili kweli, si mbili za kuonyesha benki.

Ukiwa huko juu kwa mvua, lima.

Na kama una ng'ombe mia mbili na wewe ni mtu wa ng'ombe moyoni, usisaini konsavansi kwa sababu ya presha ya majirani, utagombana na maaskari wa malisho kila wiki mpaka uchukiwe, afadhali ukodishe sehemu na ubaki na sehemu.

Hiyo ya sehemu ndio nilimwambia binamu. Ekari mia na thelathini konsavansi, ishirini zile za upande wa barabara abaki nazo, kama ana hamu ya kempi ajaribu hapo bila kuweka shamba lote rehani. Kuuza, hapana. Jamaa wa kununua watakuja, wanakuja na gari safi na soda, na akishauza ataajiriwa kulinda kilichokuwa chake.

Kuhusu karatasi, nilimpa mambo matatu tu. Kukodisha shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa yaingie ndani ya miezi sita tangu mkubaliane, la sivyo mkataba hauna nguvu. Mke aende mbele ya bodi pamoja naye, akae, aulizwe, ajue miaka ni mingapi na hela inaingia akaunti gani, juu huku kwetu taito karibu zote ni za wanaume na kodi ikiingia kwa simu ya mzee peke yake mama anasikia tu harufu. Na asisaini mkataba wenye kipengele cha "hali isiyotarajiwa" bila kuambiwa kwa namba: ikitokea kama 2020, kodi itashuka mpaka asilimia ngapi, kwa miezi mingapi, na tofauti italipwa baadaye ama imeenda?

Alienda Jumamosi kuona wazee wawili ambao wamekodisha miaka mingi, nilimwambia asiulize kama wanafurahi, aombe waonyeshe malipo yaliyoingia mwaka wa 2020, mwezi kwa mwezi. Mmoja alikataa. Mwingine alimtolea kitabu cha benki kimekunjwa kwa karatasi ya nailoni, wakasoma pamoja chini ya mti, kuna miezi imeingia nusu na kuna mwezi mmoja hakuna kitu kabisa, alafu pole pole ikarudi.

Jioni akanitumia meseji. Nilidhani ataniuliza bei. Aliuliza mpaka wa konsavansi unapita wapi haswa, juu kwa ramani waliyompa boma ya mama yake imeangukia ndani.